Krismasi ya Tabora huanikwa Julai

Kiroba kilikuwa kimening'inia kwenye boriti ya jiko tangu Julai, kimefungwa kwa kamba ya katani, moshi umekigeuza rangi. Asubuhi ya tarehe 24 Desemba, kabla jogoo wa pili hajawika, bibi alimwamsha mjukuu aliye mrefu kuliko wote apande kwenye kiti akishushe. Akakifungua kwa mkono wake mwenyewe. Alichota kiganja cha vipande vya rangi ya kahawa, akavinusa, akatia kimoja kinywani na kukitafuna taratibu, sisi tumesimama mlangoni tunamtazama.

"Yametoka vizuri mwaka huu," akasema. "Leteni maji."

Hayo ni matobolwa. Kwa msomaji asiyeyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka kau. Ndugu yake ni michembe: viazi vilevile, ila hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Ukavu ndio unaoyaponya. Yakikaa juu ya moshi hayaozi hata mvua zikianza, na mtu akiyatia mfukoni anaweza kutafuna kimoja kimoja njia nzima. Unyamwezini na Usukumani huliwa asubuhi na chai, au hupikwa kwa karanga yakawa mlo kamili. Lakini katika nyumba hii, upande wa Ng'ambo mjini Tabora, kiroba cha kwenye boriti hakiguswi mpaka watoto wote wafike.

"Ninyi mnahesabu Krismasi tangu Desemba," bibi aliniambia, mikono yake imezama kwenye sufuria ya kuoshea. "Mimi naianza Julai, nikianika."

Nimekulia Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nilidhani chakula cha sikukuu ni kile kinachonunuliwa siku mbili kabla: mchele, nyama, viungo vya pilau, soda kreti moja. Huku nimejifunza hesabu nyingine. Chakula cha sikukuu cha Tabora ni kile kilichowekwa, kikamngoja mtu arudi. Kiazi kimengoja tangu Julai. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, nayo imengoja. Asali imo kwenye galoni tangu ilipovunwa. Karanga zimo kwenye debe na maganda yake. Kila kimoja kilitengwa na mwanamke aliyekuwa akifikiria mtu ambaye hayupo.

Na Tabora ina sababu ya kujua kungoja. Mji huu umeota njia panda. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, Unyanyembe, mahali ambapo vitabu vya zamani vimepaita Kazeh, ndipo ikagawanyika: mkono mmoja ukaenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke Pwani. Lakini njia hiyo haikuanza na wageni hao, wala haikuanza na wafanyabiashara wa Kiarabu walioweka makazi hapa. Wanyamwezi walikuwa wameshateremka hadi Pwani na pembe zao za ndovu kabla Mwarabu yeyote hajajenga tembe Unyanyembe.

Wapagazi wao walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja. Wengi, hasa miaka ya mwanzo, waliondoka mavuno yakishaingia ghalani na kujitahidi kurudi kwa wakati wa kulima. Wakati wa kulima huku ni mvua za Novemba na Desemba. Kwa hiyo majuma haya tunayoyaita msimu wa sikukuu, majuma ambayo stendi ya mabasi hujaa mabegi na watoto waliolala mapajani, yalikuwa majuma ya kurudi nyumbani Unyamwezini kabla ya Krismasi ya kwanza kuadhimishwa hapa.

Nani aliwapikia njiani? Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi hawa, ameonyesha kuwa misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake ndani yake, wakitembea, wakibeba vyungu na vyakula, wakipika kambini jua likishuka. Mgawo wa chakula uliitwa posho. Neno hilo leo tunalisikia kwenye semina na vikao, likimaanisha fedha. Asili yake ni kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, au kipande cha kitambaa cha kubadilishia nafaka kijijini. Wanaume watano sita walichanga posho zao, wakala chungu kimoja. Nikimwona bibi anavyotupanga kuzunguka sinia, wajukuu sita kwa sinia moja, wakubwa wakiambiwa wasimalize kuku kabla ya wadogo, naona utaratibu wa kambi.

Sasa kwenye sufuria. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sitaondoka bila vipimo. Bibi hapimi, bakuli lake la bati ndilo kipimo, na mkono wake. Basi kila alipochota nilimsihi amimine kwanza kwenye kikombe changu cha chai, nikaandika, ndipo nikamrudishia.

"Mayu, unanichelewesha," akalalamika, akiniita mama kwa lugha ya huku, lakini alingoja.

Matobolwa mabakuli mawili, ambayo kwa kikombe changu yalikuwa sita. Akayaosha mara mbili: maji ya kwanza yakatoka na rangi ya moshi, ya pili yakatoka meupe. Akayaloweka kwa muda aliouita "wa kuchambua mchele". Nilitazama saa, zikawa dakika 50. Akayateleka kwa maji yaliyoyazidi upana wa vidole vitatu, moto wa kuni wa wastani, chungu kimefunikwa. Baada ya dakika 40 alitoa kipande akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilikubali, lakini hakikupasuka. Hapo ndipo karanga ziliingia.

Karanga ndizo zenye kazi. Vikombe vitatu, zimekaangwa kidogo tu hadi ganda jekundu likaanza kuachia, zikapepetwa kwenye ungo, zikatwangwa kwenye kinu. Nilimwambia mjini kuna mashine za kusagia, kila mtaa. Akatikisa kichwa. Za mashine zinakuwa uji, akasema. Yeye anataka zinazobaki na chengachenga ili ulimi uzikute. Akazikoroga na maji ya uvuguvugu, akazimimina, akavuta ukuni mmoja nje ili moto upungue, akashika mwiko. Kuanzia hapo hakuondoka. Dakika 20 nzima alikoroga kutoka chini kwenda juu, polepole, mpaka mafuta ya karanga yakaelea juu kama vijisarafu vya dhahabu. Chumvi, ncha ya kijiko. Nilimuuliza kuhusu sukari, kwa kuwa nimeonja ya watu wengine yenye sukari.

"Sukari ya nini? Kiazi kina yake. Lile jua la Julai unadhani lilikuwa linafanya nini?"

Nasisitiza habari ya moto kwa sababu nimewahi kuipuuza. Mwaka mmoja niliyapika Dar es Salaam kwenye jiko la gesi, nikaenda kupokea simu. Karanga zikishika chini, harufu ya kuungua hupanda chungu kizima na hakuna kiungo kinachoiondoa. Nilimwaga kazi ya miezi mitano ya mikono ya mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Bado naumia.

Wakati chungu kikitulia, jogoo wawili walikuwa wameshachinjwa. Aliyewachinja ni jirani, mzee Mwislamu ambaye amekuwa akiwachinja kuku wa Krismasi wa nyumba hii tangu baba yangu akiwa shule ya msingi. Sababu yake kila mtu hapa anaijua bila kuelezwa: mgeni yeyote atakayeingia kesho, wa dini yoyote, ale bila kuuliza. Bibi naye hutoa sufuria zake kubwa mbili wakati wa Idd, na hazirudi tupu.

Kuku wa kienyeji wa sikukuu huku hupikwa kwa karanga pia. Kazi ambayo Pwani hufanywa na tui la nazi, Tabora hufanywa na karanga; mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mbali na minazi, na nazi hufika kwa lori. Jogoo hukatwakatwa, huchemshwa na chumvi, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na maji ya ndimu, saa moja na nusu au zaidi, kwani jogoo aliyekimbia uani miaka miwili hasikii haraka. Vitunguu hukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, nyanya huvunjwavunjwa humo, nyama huongezwa, kisha supu yake, mwisho karanga zilizotwangwa, vikombe viwili kwa jogoo mmoja mkubwa. Moto hupunguzwa tena. Mchuzi ukianza kushika mgongo wa mwiko, umekwiva. Bibi humalizia kwa majani machache ya giligilani akiyapata, asipoyapata haulizi.

Halafu uyoga, na hapa Krismasi ya Tabora ina bahati kuliko ya sehemu nyingi. Mvua za kwanza zikishalowesha misitu ya miyombo, ardhi hufumuka. Utawaona akina mama kandokando ya barabara zinazoingia mjini, ndoo na mabeseni mbele yao, uyoga mweupe mpana wa kwenye vichuguu na ule mdogo wa rangi ya njano unaonukia kama tunda. Kumbikumbi nao hutoka siku hizohizo, na watoto huwafukuzia kwenye taa usiku, wakawakaanga bila mafuta. Uyoga bibi huuosha upesi bila kuuloweka, huuchemsha kidogo na kumwaga maji ya kwanza, kisha huukaanga kwa kitunguu, akamalizia na vijiko vitatu vinne vya karanga. Hapiki uyoga ambao hakuununua kwa mtu anayemjua. Kila mvua ina watu wanaodhurika kwa kuokota wasioujua, na juu ya hilo hana masihara hata na wajukuu waliosoma.

Chumvi anayotumia ilinifanya niulize, kwa kuwa ilikuwa ya mawemawe, kwenye mfuko usio na jina. Ni ya Uvinza, akasema, kama anasema maji ni ya kisimani. Chemchemi za chumvi za Uvinza, magharibi mwa hapa kwenye njia ya Ujiji, zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Wanyamwezi waliisafirisha chumvi hiyo huku na huko kabla biashara ya pembe haijashamiri. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa mkondo uleule wa miguu ya wapagazi, na chumvi ikapanda treni. Pamoja nayo hupanda migebuka iliyokaushwa, dagaa wa Kigoma na mawese. Shemeji yangu aliyetoka Kigoma siku hiyo alishuka na dumu la mawese la lita tano na migebuka iliyofungwa kwenye gazeti, akavikabidhi jikoni kabla hajasalimia sebuleni. Wanaotoka upande wa Dar es Salaam nao wana desturi yao: treni ikisimama Saranda, madirisha yote hufunguka, watu wananunua kuku.

Ndugu zangu wengine watashangaa nimefika hapa bila kutaja pilau. Linapikwa. Mama mdogo ndiye mwenye nalo, na mchele wake hutoka kwa wakulima wa Nzega. Hata pilau hilo lina habari yake kwenye njia hii. Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwezi Juni 1871, kabla hajaenda Ujiji kumtafuta Livingstone, wakubwa wa Kiarabu walimkaribisha kwa chakula alichokiorodhesha kwa makini: sinia kubwa la wali na bakuli la kuku wa mchuzi wa viungo, mikate mikubwa ya ngano dazani moja, vitumbua moto, mapapai, makomamanga na ndimu, nyuma yake wakaletwa ng'ombe watano, kondoo wanane, mbuzi kumi, kuku dazani na mayai dazani. Ukienda leo Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako tembe walilokaa Stanley na Livingstone limejengwa upya na kufanywa makumbusho, tafakari juu ya sinia hilo. Tafakari pia nani alililima. Mashamba ya matajiri wa Unyanyembe yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa, na barabara iliyoleta mdalasini na iliki ndiyo iliyowapeleka watu Pwani wakiwa wamefungwa shingo. Mimi silikatai pilau kwa sababu hiyo. Ila sipendi kuliona likisifiwa kama chakula cha kistaarabu kilichowaletea watu wa bara adabu ya kula, wakati waliopanda mpunga mabondeni na kuutwanga hatuna hata jina moja lao.

Na hapa ndipo penye jambo linalonikera. Mezani kwetu, miaka kumi iliyopita, pilau, nyama ya kukaanga na chapati vilipangwa katikati. Matobolwa na nsansa vilifichwa jikoni kwa ajili ya "wazee". Binamu mmoja aliyekuja na mchumba wake alimnong'oneza mama, asilete vile vyeusi, aibu. Vinaitwa chakula cha njaa. Ni kweli vimewavusha watu kwenye njaa; michembe na matobolwa ndivyo vilivyobaki mvua zilipogoma na ghala likawa tupu. Sioni kwa nini chakula kilichomwokoa mama yako kionewe haya mbele ya mchumba.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka pilau liondoke ili tule "vya asili". Nao nawapinga. Kiazi kitamu kilitoka Amerika. Karanga zilitoka Amerika ya Kusini. Mahindi ya ugali wetu nayo yalitoka Amerika. Mwembe uliotujaalia kivuli mji mzima asili yake ni Bara Hindi, na miembe mingi mikongwe ya hapa na ya Ujiji ni ukumbusho wa misafara. Ukiondoa kila kilichokuja kwa njia, utabaki na vitu kama mtama, uwele, njugu mawe, uyoga na asali. Chakula kizuri, ila si kile bibi anachokiita chetu. Chetu ni kile ambacho mtu wa hapa alikipokea, akakipatia jua lake na moto wake. Nani mwingine aliyewaza kuchemsha kiazi, kukianika, na kukitundika miezi mitano akimngoja mtoto?

Embe lenyewe lina nafasi yake Desemba. Huiva wakati mmoja na mvua, mengi hata watu hushindwa kuyala, yakaanguka barabarani usiku na kuamsha mbwa. Mabichi bibi huyakwaruza kwenye kachumbari badala ya nyanya: embe moja bichi, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbuzi nusu, basi. Kando ya pilau la mama mdogo, hakuna kinachokata mafuta kama hicho. Yaliyozidi hutengenezwa achari, hukatwa vipande, hutiwa chumvi na manjano, huwekwa juani siku tatu mvua ikiruhusu, kisha hupikwa na pilipili, kitunguu saumu na siki.

Jirani yetu mzee aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Krismasi ya Tabora, alisema, chakula chake hakibadiliki, kwani Desemba ni Desemba: embe, uyoga, vilivyokaushwa. Idd ndiyo yenye safari. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, Idd el Fitr hurudi nyuma kila mwaka, ikapita katika misimu yote. Akiwa kijana ameila wakati wa viazi vibichi, ameila kiangazi asali ikiwa mpya, ameila wakati wa mahindi mabichi. Na mwaka 2000, mwishoni mwa Desemba, ilifika siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Naikumbuka, nilikuwa mdogo. Sahani zilivuka ua wiki nzima. Kutoka kwetu alikwenda kuku wa karanga. Kwao zilitoka tambi za sukari na halua, na mke wa mzee, ambaye kwao ni upande wa Sikonge, aliongeza bakuli la matobolwa yaliyopikwa kwa maziwa. Bibi aliyaonja, akanyamaza kidogo, akakiri ni mazuri. Hajawahi kuyapika hivyo, lakini alikiri. Kwa hesabu ya kalenda, sikukuu hizo mbili zitakaribiana tena namna hiyo mwishoni mwa 2033. Mzee aliihesabu kwa vidole, akacheka, akasema atajitahidi.

Asali sijaizungumzia inavyostahili, na nafasi inaniishia. Misitu ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui imetundikwa mizinga ya magome vizazi kwa vizazi. Mji una hata chuo cha ufugaji nyuki. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda misa, kila mtoto hupewa kijiko kimoja, kisha kikombe cha togwa. Kijiko cha kwanza hupewa mdogo kuliko wote. Ile ya nyumbani kwetu ni nyeusi, nzito, yenye ladha ya moshi wa mwenge kwa mbali, na wageni waliozoea asali ya chupa za dukani huikunjia uso mwanzo. Usiipashe moto. Hilo tu.

Siku yenyewe tulikuwa 23, masinia manne. Safari hii bibi alipanga mwenyewe. Chungu cha matobolwa kilikaa katikati ya mkeka, pilau likakaa kulia kwake, kuku kushoto, nsansa na uyoga mbele, migebuka ya mawese ya shemeji pembeni kwa wanaoipenda. Mchumba yule wa miaka kumi iliyopita, ambaye sasa ni mke wa binamu na mama wa watoto wawili, alikuwa wa kwanza kurudia matobolwa. Alimuuliza bibi kipimo cha karanga. Bibi akaninyooshea kidole: "Muulize huyo, ameandika kila kitu."

Tarehe 2 Januari tulifungiwa mizigo. Kila mtu anayerudi hupewa yake kulingana na safari yake: wa Mwanza kidogo, wa Arusha zaidi, wa Dar es Salaam mfuko mzima. Nilipata matobolwa, nsansa iliyofungwa kwenye kitambaa, karanga debe nusu, asali chupa mbili zilizozibwa kwa nailoni na gundi ili zisimwagike kwenye basi. Juu ya mfuko akaweka matobolwa makavu, kiganja kimoja, mbali na mengine.

"Haya ya njiani," akasema. "Hayo mengine moto mdogo. Usipokee simu."

Bajaji ilipokuja kutuchukua alikuwa ameshaondoka mlangoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mvua ya usiku imelainisha ardhi, ameinama kwenye matuta mapya akichomeka marando ya viazi, moja baada ya jingine, akilikandamiza kila moja kwa kisigino. Alininyooshea kiwiko nikishike, maana viganja vilikuwa na udongo, kisha akarudi kwenye tuta.